Sonona na usahaulifu kwa wachezaji wastaafu wa michezo ya kugongana: njia nne za tiba na namna ya kuchagua

Mchezaji aliyestaafu ndondi, raga, magongo ya barafu au futiboli ya Kimarekani anapoanza kupoteza hamu ya maisha na kusahau majina ya watu aliozoeana nao, hakosi washauri. Mmoja humwambia aende kwa daktari wa akili akapewe dawa, mwingine humsihi apunguze uzito na arudie mazoezi, wa tatu humletea habari za vidonge vya kuzima inflamesheni mwilini, na wa nne humwambia kwamba ubongo umekwisha kuharibika na hakuna la kufanya. Shauri la wanne halina msingi, na sababu zake zimeelezwa hapa chini. Yale matatu ya mwanzo, pamoja na tiba ya mazungumzo ambayo wanamichezo wengi huikwepa, yote yana hoja, na ndiyo maana kuchagua kati yake ni kazi ngumu.

Makala haya yanazipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Hayachukui nafasi ya daktari. Lengo lake ni kumsaidia mchezaji mstaafu, au mke, mume au mtoto wake, aingie katika chumba cha daktari akijua maswali ya kuuliza.

Inflamesheni inaingiaje hapa

Inflamesheni ni namna mwili unavyojibu jeraha au maambukizi: damu huongezeka pale palipoumia, seli za kinga hukusanyika, na saitokini, yaani kemikali ambazo seli hizo huzitumia kupashana habari, huingia katika mzunguko wa damu. Kifundo kilichoteguka huvimba, hupata joto, kisha hutulia. Tatizo huanza pale hali hiyo inapodumu kwa kiwango cha chini kwa miezi na miaka bila jeraha linaloonekana.

Kwamba saitokini zinaweza zenyewe kuleta sonona si nadharia tu. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walipokuwa wakitibiwa kwa interferoni alfa, ambayo ni saitokini, sehemu kubwa yao walipata sonona katika kipindi cha tiba, wakiwemo watu ambao hawakuwa nayo walipoanza. Njia mojawapo inayoeleza jambo hilo ni kwamba saitokini huamsha kimeng'enya kiitwacho IDO, ambacho huichukua triptofani, malighafi ya serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo), na kuigeuza kuwa kinurenini. Na sehemu ya kinurenini hiyo huishia kuwa asidi ya kwinoliniki, ambayo huzisisimua seli za neva kupita kiasi. Mtu mwenye inflamesheni ya namna hiyo kwa kawaida hulalamikia uchovu, uzito wa mwili na akili, na kukosa raha katika mambo aliyoyapenda, mara nyingine zaidi ya anavyolalamikia huzuni.

Ndani ya ubongo, kazi ya ulinzi hufanywa na seli ziitwazo maikroglia. Kichwa kinapogongwa seli hizo huamka, husafisha mabaki ya seli zilizoharibika, kisha hupaswa kutulia. Kwa mtu aliyegongwa mara maelfu, yakiwemo mapigo madogo yasiyomwangusha wala kumtia kizunguzungu, zinaweza zisitulie. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliochunguza bongo za wachezaji waliofariki walionyesha kwamba miaka mingi ya kucheza futiboli ya Kimarekani iliendana na maikroglia nyingi zaidi zilizoamka, na kwamba maikroglia hizo ziliendana na kujikusanya kwa tau, protini inayorundikana katika seli za ubongo zinazoharibika, pamoja na dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Mwaka uliofuata, watafiti wa Johns Hopkins waliwapiga picha za PET, zinazoonyesha shughuli za seli ndani ya ubongo, wachezaji 14 wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, baadhi wakiwa bado wanacheza na wengine wamestaafu karibuni, wakawalinganisha na watu 16 wasio na historia hiyo. Dalili za jeraha na ukarabati wa ubongo zilikuwa juu katika maeneo 8 kati ya 12 yaliyopimwa. Hata hivyo wachezaji hao hawakuwa nyuma ya wenzao katika majaribio ya kumbukumbu na kufikiri. Matokeo hayo mawili yasomwe pamoja. Inflamesheni ya ubongo ipo, lakini kuwapo kwake hakulazimishi akili kudhoofika, angalau kwa watu walio bado vijana.

Chanzo cha pili kiko nje ya kichwa, nacho huzungumzwa kwa nadra. Mchezaji aliyejenga mwili mkubwa kwa ajili ya mchezo, kisha akaacha mazoezi bila kuacha ulaji, hujaza mafuta tumboni, na mafuta hayo humwaga saitokini kama IL-6 na TNF kila siku. Ongeza maumivu ya magoti na mgongo, usingizi unaokatika, kisukari, shinikizo la damu na pombe, na damu yake itaonyesha inflamesheni hata kama kichwa chake hakikuwahi kuguswa. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya vyanzo hivi viwili ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi, kwa sababu chanzo cha kichwani bado hakina dawa iliyothibitishwa, ilhali cha mwilini kina tiba nyingi zinazojulikana.

Hofu ya CTE na shauri la kukata tamaa

CTE, ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, ulipata umaarufu baada ya Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, kuuona katika ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL, mwaka 2002 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Miaka kumi na miwili baadaye, uchunguzi wa bongo 111 za wachezaji wa NFL uliukuta ugonjwa huo katika 110. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima bila maelezo yake muhimu: bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa zimeona dalili kwa wapendwa wao, kwa hiyo haziwakilishi wachezaji wote. Aidha, CTE inathibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya kifo. Mwaka 2021 wataalamu walikubaliana juu ya vigezo vya dalili kwa watu walio hai, lakini vigezo hivyo hutoa viwango vya uwezekano tu, na vilikusudiwa hasa kwa utafiti.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanasoka wa kulipwa wa zamani walikufa kwa magonjwa ya kuharibika kwa ubongo kwa kiwango cha takriban mara tatu na nusu ya watu wa kawaida. Lakini hofu nayo huumiza kwa njia yake. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wachezaji wastaafu 1,980 wa futiboli ya Kimarekani: karibu theluthi moja waliamini wana CTE, na miongoni mwao takriban robo walikuwa na mawazo ya kujiua, ikilinganishwa na asilimia 5 ya wale wasioamini hivyo. Wengi wa walioamini hivyo walikuwa na matatizo yanayotibika, kama vile sonona, maumivu, kukatika kwa pumzi usingizini na upungufu wa testosteroni, ambayo huvuruga kumbukumbu kwa namna inayofanana na ugonjwa wa ubongo wenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuna la kufanya ni kumnyima tiba ya mambo yanayotibika.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini itaulizwa maswali manne. La kwanza: je, ushahidi unaonyesha kwamba inapunguza sonona? La pili: inasaidia kumbukumbu na kufikiri, au inaziathiri? La tatu: inaigusa inflamesheni, na kwa njia gani? La nne: ina hatari gani, hasa kwa mwili wenye historia ya mitikisiko ya ubongo, viungo vilivyochakaa na miaka mingi ya vidonge vya maumivu? Kisha itasemwa inamfaa nani.

Kabla ya yote, kuna vipimo ambavyo havina mjadala: shinikizo la damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, usikivu wa masikio, orodha kamili ya dawa anazotumia mtu (dawa za usingizi na za maumivu makali huweza zenyewe kuleta usahaulifu), kiasi cha pombe, na usingizi. Kipimo cha protini ya CRP, ambacho hupima inflamesheni katika damu, kinapatikana katika maabara nyingi na kinaweza kuongezwa. Kwa kawaida kiwango chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa cha chini, na kikizidi 3 huhesabiwa kuwa cha juu. Kikivuka 10 daktari hutafuta kwanza maambukizi au jeraha jipya, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa mafua au jino bovu kirudiwe baadaye. Takriban robo tu ya watu wenye sonona ndio wanaokuwa na CRP inayozidi 3. Tena, CRP hueleza hali ya mwili kwa jumla. Haisemi lolote la uhakika kuhusu maikroglia za ubongoni.

Njia ya kwanza: mazoezi, uzito na usingizi

Sonona. Ushahidi ni mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 au zaidi, katika makundi matatu: mazoezi, dawa ya sertralini, au vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliotumia dawa waliipata mapema zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliojumuisha majaribio 218 ulikuta kwamba kutembea au kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya nguvu hupunguza sonona kwa kiasi cha kati, na kwamba kadiri mazoezi yalivyokuwa makali zaidi ndivyo nafuu ilivyoongezeka. Ubora wa mengi ya majaribio hayo ulikuwa wa chini, kwa kuwa haiwezekani kumficha mtu kwamba anafanya mazoezi.

Kumbukumbu. Hapa ushahidi unavutana. Jaribio la mwaka 2011 kwa wazee 120 lilionyesha kwamba mwaka mmoja wa kutembea kwa mpangilio uliongeza ukubwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa takriban asilimia 2. Jaribio kubwa zaidi, la watu 1,635 waliofuatiliwa kwa miaka miwili, halikuona faida yoyote ya kufikiri ikilinganishwa na kundi lililopewa mafunzo ya afya tu. Mazoezi yanafanywa kwa faida nyingi. Kumbukumbu isihesabiwe kuwa malipo ya uhakika.

Inflamesheni. Njia hii huifuata inflamesheni kwenye chanzo chake. Misuli inayofanya kazi hutoa IL-6 kwa muda mfupi, na jambo linaloshangaza ni kwamba IL-6 ya namna hiyo huamsha saitokini za kutuliza, kama vile IL-10, tofauti na ile inayotoka kwenye mafuta bila kukoma. Kupungua kwa mafuta ya tumboni hupunguza CRP hata kabla ya mtu kufikia uzito unaopendekezwa.

Usingizi unastahili nafasi yake. Wachezaji wenye shingo nene, hasa inayozidi sentimita 43, wako katika hatari kubwa ya kukatika kwa pumzi usingizini: koo hufunga, oksijeni hushuka, ubongo huamka kidogo, na hayo hurudiwa mara nyingi usiku kucha. Asubuhi mtu huamka amechoka, ana hasira, hasikii raha, na hakumbuki alichosoma jana. Maelezo hayo yanaweza kuandikwa neno kwa neno katika faili la mgonjwa wa sonona au la anayeshukiwa kuwa na CTE. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia kinyago, huondoa usingizi wa mchana na hupunguza dalili za sonona kwa wengi wanaoivumilia. Iwapo ningelazimika kutaja swali moja tu ambalo familia isisahau kumwuliza daktari, lingekuwa la kukoroma.

Hatari. Ni ndogo, ila si sifuri. Magoti na nyonga zilizochakaa zinahitaji kuogelea au baiskeli badala ya kukimbia, na moyo upimwe kabla ya mazoezi makali kwa mtu aliyekaa miaka mingi. Kuna kasoro nyingine isiyo ya kitabibu: mwanamichezo wa zamani hupenda kufanya kwa nguvu zote au kutofanya kabisa, akaumia wiki ya pili na kuacha. Na sonona yenyewe huiba ile nia ambayo mazoezi yanaidai.

Anayefaa. Mwenye sonona ya kiasi, aliyeongezeka uzito, anayekoroma, au mwenye CRP ya juu isiyo na maambukizi. Peke yake haimtoshi mtu aliye katika sonona kali.

Njia ya pili: tiba ya mazungumzo

Sonona. Tiba ya utambuzi na tabia, ambayo humfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomvuta chini na kubadili mienendo inayoyalisha, hukaribiana na dawa kwa sonona ya kati, na faida yake huelekea kudumu baada ya tiba kwisha, jambo ambalo dawa haiahidi. Kwa mchezaji mstaafu kuna la ziada. Sehemu ya huzuni yake haitokani na kemikali hata kidogo: amepoteza kazi, jina, timu na ratiba iliyompanga tangu utotoni, na pengine akiwa na miaka thelathini tu. Hakuna kidonge kinacholizungumza hilo. Vilevile imani ya kwamba ubongo umekwisha huwa ni wazo linaloweza kuchunguzwa kwa ushahidi, na hapo mtaalamu mzuri hufanya kazi kubwa.

Kumbukumbu. Haitibu uharibifu wa neva, lakini sonona ikipungua, umakini na kasi ya kufikiri hupanda. Kwa mwenye usahaulifu mkubwa vipindi huhitaji kurekebishwa: viwe vifupi, viandikwe, na mwenza ahudhurie pale inapofaa.

Inflamesheni. Wengi hudhani mazungumzo hayawezi kuigusa. Kwa upande wa usingizi yanaweza: tiba ya utambuzi na tabia kwa wenye kukosa usingizi ilipunguza CRP kwa wazee katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, na jaribio jingine la watu 291, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba katika miaka mitatu asilimia 12.3 ya waliopata tiba hiyo walipatwa na sonona, dhidi ya asilimia 25.9 ya waliopewa elimu ya usingizi peke yake.

Hatari. Ni chache. Huchukua wiki kadhaa, hudai mtu aseme yaliyomo moyoni, na mtaalamu asiyejua majeraha ya ubongo anaweza kudhani kusahau miadi ni uzembe.

Anayefaa. Aliyestaafu karibuni na kujikuta hana dira, mwenye hofu kubwa ya CTE, asiyelala, au asiyetaka wala kuvumilia dawa.

Njia ya tatu: dawa za sonona

Sonona. Uchambuzi wa mwaka 2018 wa majaribio 522 yenye watu 116,477 ulikuta dawa zote 21 zilizochunguzwa zikiishinda plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa, kwa tofauti ya wastani isiyo kubwa sana. Kwa wengi nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. Lakini majaribio hayo kwa sehemu kubwa hayakuwahusu watu waliojeruhiwa ubongo. Jaribio la sertralini kwa wenye sonona katika mwaka wa kwanza baada ya jeraha la ubongo, lililochapishwa mwaka 2017, halikuonyesha dawa hiyo kuishinda plasibo kwa tofauti ya kuaminika. Lilikuwa dogo, na jeraha moja kubwa halilingani na maelfu ya mapigo madogo, lakini linatosha kumfanya daktari asiahidi mno.

Kumbukumbu. Dawa zinatofautiana, na hapa ndipo pa kuwa makini. Dawa za zamani za kundi la traisikliki, hasa amitriptilini, huzuia asetilikolini, kemikali inayohitajika kwa kumbukumbu, na huweza kuongeza usahaulifu. Zile za kundi la SSRI, kama vile sertralini na esitalopramu, kwa kawaida hazina kasoro hiyo, na dawa nyingine, vortioksetini, ina ushahidi kiasi wa kusaidia umakini.

Inflamesheni. Uhusiano uliopo ni wa kuchagulia dawa. Katika utafiti wa GENDEP, uliochapishwa kwa upande huu mwaka 2014, wagonjwa wenye CRP chini ya 1 walipata nafuu zaidi kwa esitalopramu, na wenye CRP ya juu walipata nafuu zaidi kwa nortriptilini. Matokeo hayo yanavutia, ila nortriptilini ni ya kundi la traisikliki, kwa hiyo kwa mchezaji anayesahau faida na hasara hukutana katika kidonge kimoja. Hilo ni la kujadiliwa na daktari, na si la kuamuliwa kwa namba moja ya maabara.

Hatari. SSRI zikitumiwa pamoja na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, na wachezaji wastaafu ni mabingwa wa kumeza vidonge hivyo bila kumwambia mtu. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, hushusha kizuizi cha kifafa, yaani hufanya degedege litokee kwa urahisi zaidi, jambo lenye uzito kwa aliyewahi kuumia ubongo vibaya. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ni kwa kawaida na huwafanya wengi waache dawa kimyakimya; kuacha ghafla nako huleta kizunguzungu na wasiwasi.

Anayefaa. Mwenye sonona kali, asiyekula wala kulala, mwenye mawazo ya kujiua, aliyewahi kupona kwa dawa hapo awali, au ambaye amejaribu njia mbili za kwanza bila kufika popote.

Njia ya nne: kuizima inflamesheni moja kwa moja

Hii ndiyo njia inayovutia zaidi kwenye karatasi. Kama inflamesheni ni sehemu ya ugonjwa, kwa nini tusiizime?

Sonona. Jaribio linalofundisha zaidi lilichapishwa mwaka 2013. Watu 60 wenye sonona sugu walipewa infliximabu, dawa inayozuia TNF, au plasibo. Kwa jumla dawa haikushinda. Walipogawanywa kwa CRP, wale waliozidi miligramu 5 kwa lita walielekea kunufaika, na wale wa chini walifanya vibaya kuliko wenzao wa plasibo. Minosaiklini, kiuavijasumu chenye uwezo wa kutuliza maikroglia, imefuata mkondo huohuo: jaribio dogo la mwaka 2021 liliona faida kwa wenye CRP ya 3 au zaidi, na jaribio kubwa zaidi la mwaka 2022 halikuona faida kwa wagonjwa kwa jumla. Selekoksibu, dawa ya maumivu na inflamesheni, ikiongezwa juu ya dawa ya sonona imeonyesha nafuu katika majaribio mafupi. Aspirini ya dozi ndogo, iliyojaribiwa kwa wazee 19,114 katika utafiti wa ASPREE, haikuzuia sonona. Omega-3 ya gramu 1 kwa siku, kwa zaidi ya watu 18,000, haikuizuia pia. Katika lishe, jaribio dogo la SMILES la Australia, mwaka 2017, lilionyesha asilimia 32 ya waliosaidiwa kubadili ulaji wakipona, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa usuhuba tu; lakini lilikuwa na watu 67, nao walijua wamo kundi gani.

Kumbukumbu. Rekodi ni mbaya. Utafiti wa ADAPT, uliowapa naprokseni (nayo ni dawa ya maumivu) au selekoksibu watu wa miaka 70 na zaidi wenye historia ya Alzheimer katika familia, ulisimamisha dawa mwaka 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo na haukuonyesha kuzuia ugonjwa. ASPREE nayo haikuzuia dimensia.

Inflamesheni. Huigusa moja kwa moja, na hilo ndilo tatizo lake pia. Maikroglia zilezile hutengeneza na kusafisha, na kuzizima zote bila kujua zipi zinaharibu si tiba iliyokamilika.

Hatari. Infliximabu hudhoofisha kinga na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Vidonge vya maumivu huumiza tumbo, figo na moyo, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la damu ambaye ameshavitumia kwa miaka ishirini. Lishe bora haina hatari ya kutaja.

Anayefaa. Kwa sasa ni mtu mwenye sonona isiyosikia tiba za kawaida na CRP iliyobaki juu katika vipimo vilivyorudiwa, chini ya mtaalamu au ndani ya jaribio la kitabibu lililosajiliwa. Mwenye ugonjwa mwingine wa inflamesheni, kama baridi yabisi au pumu ya ngozi, ana sababu yake tofauti ya kutibiwa, na mara nyingine hali ya moyo hufuata. Kwa wengine wote, kununua vidonge dukani kwa lengo hili ni kulipa kwa figo na tumbo bila uhakika wa kupata kitu.

Kulingana na hali yako

Kama una mawazo ya kujiua, ulinganisho wote huu usubiri. Mwambie mtu aliye karibu leo hii, nenda kwenye huduma ya dharura, na ondoa silaha na akiba ya dawa nyumbani. Matibabu ya hapo huanza na usalama, na kwa kawaida dawa na mazungumzo huenda pamoja.

Kama umeongezeka uzito tangu ustaafu, unakoroma na mchana unasinzia, anza na kipimo cha usingizi na mpango wa mazoezi wenye dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ukiufikia hatua kwa hatua. Upe mpango huo miezi mitatu kabla ya kuongeza kitu kingine, isipokuwa sonona ikizidi.

Kama umestaafu mwaka huu au mwaka jana, mwili wako uko sawa na CRP iko chini, lakini siku zimekosa maana, tiba ya mazungumzo ina nafasi ya kwanza, na mazoezi ya pamoja na wengine yana nafasi ya pili kwa sababu yanarudisha ratiba na watu. Habari za inflamesheni zisikushughulishe sana.

Kama sonona ni kali na hujaweza hata kutoka kitandani, dawa inaweza kukufikisha mahali ambapo njia nyingine zinawezekana. Mpe daktari orodha ya vidonge vyote vya maumivu, na umweleze mitikisiko yote ya ubongo uliyowahi kupata, ikiwemo ile ambayo kocha aliiita kitu kidogo.

Kama dawa mbili zimeshindwa kwa dozi na muda unaotosha, rudia CRP. Ikiwa chini, tafuta kwanza kilichosahauliwa: usingizi, pombe, tezi, utambuzi usio sahihi wa ugonjwa wenyewe. Ikibaki juu bila maambukizi, una sababu ya kuuliza juu ya njia ya nne kwa mtaalamu.

Kama hali ya moyo imerejea vizuri lakini usahaulifu unaendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka, unapotea njia uliyoizoea, au wa nyumbani wanasema tabia yako imebadilika, omba rufaa ya kliniki ya kumbukumbu au daktari wa neva, upimwe kwa majaribio kamili ya kufikiri na picha ya ubongo, na majaribio hayo yarudiwe baada ya mwaka ili mwelekeo uonekane. Nenda na mtu anayeishi nawe, kwa kuwa daktari atahitaji kumwuliza mambo ambayo wewe mwenyewe huenda hujayaona.